Bamba Namba 114

Aliye juu, tulifunzwa, mngoje chini.
Basi mimi nilimngoja chini kwelikweli:
ghorofa mbili chini ya barabara, Albany,
Januari, bomba la joto likikohoa ukutani,
glavu za pamba mikononi
na taa isiyoruhusiwa kuwaka zaidi ya dakika kumi.

Akaletwa ndani ya kasha dogo kama la pete,
amelazwa juu ya mahameli iliyoliwa na nondo.
"Huyu alikuwa Rais," akasema Bi Ten Eyck,
kwa sauti ya mtu anayekukabidhi mtoto mchanga.
Kisha akaenda kunywa kahawa.

Nikafungua. Hamna mtu.
Bamba la shaba lililopakwa fedha,
na ndani yake mimi: ushungi, miwani,
chunusi kidevuni.
Nikaliinamisha taratibu, kama amwagaye maji asiamshe waliolala,
na hapo akaja,
kwanza shingo, kisha nywele,
mwisho yale macho.

Vifungo vya koti lake viko upande wa kike.
Si kosa lake. Bamba hugeuza kila kitu.
Hata mkono uliotia saini sheria
niliutafuta upande usiokuwapo.

Sasa tazama nyuma ya viatu vyake.
Ipo miguu mingine, ya chuma, mitatu,
ya kile kigingi kilichomshika kisogo asitikisike.
Waliosema mzee yule alikuwa na shingo ngumu
hawakuambiwa habari ya chuma.

Na mgongoni mwa bamba, karatasi.
Wino umekuwa rangi ya chai:
*Limesuguliwa na Titus Van Vranken, miaka kumi na mitatu.
Amehesabu yeye.*

Basi. Nimeisoma mara nyingi
kuliko barua zote za mume wangu wa kwanza.

Namwona Titus tangu alfajiri
akisugua fedha kwa ngozi ya paa
mpaka chuma kisahau kwamba ni chuma;
akibana pumzi kila apitapo kwenye sufuria ya zebaki,
maana mvuke ule ulimng'oa meno aliyemtangulia.
Mtoto huru, kwa mujibu wa karatasi.
Karatasi yenyewe imekunjwa ndani ya kiatu.
Mara mlango. Mzee na theluji mabegani,
na wanaume wanne wa kumvua koti moja.

Bwana Haswell, mwenye studio, mikono inamtetemeka,
ulimi umemganda.
Kwa hiyo mtoto ndiye anayesema:
keti,
inua kidevu,
usipepese,
usipumue.

Na yule aliyekuwa akiinua kidole nchi inanyamaza
akatii.

Moja. Mbili.
Hakuna jeshi humo, hakuna kura,
hakuna mjumbe mlangoni na bahasha.
Kuna mzee anayewashwa pua.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Kuna mtoto ambaye baba yake
hakuwa na shamba la kutosha kupiga kura.
Kumi na tisa.
Nadhani kwenye ishirini alikawia.
Ushahidi sina. Naona tu jicho la kushoto,
yaani la kulia, limefifia kidogo,
kama la mtu aliyechoka kungoja ruhusa.

Pembezoni, palipofunikwa na fremu,
pana alama ya dole gumba. Ndogo.
Bi Ten Eyck amerudi, ana harufu ya mdalasini.
"Uchafu huo unatoka?"
Unatoka, nikamwambia.
Nikaweka pamba chini.

Kwenye fomu wameacha mstari mmoja: *Waliomo pichani.*
Nikaandika jina la mkubwa,
nikatia mkato,
na taa, dakika zake zimekwisha, ikazimika.
Nikaendelea kuandika.